Mpini wa Tramu 138

La Paloma, 10 Machi 1957

Ndugu yangu Nicanor,

Nakusalimu, na kabla hujauliza: goti la kulia bado linauma, la kushoto limeanza kumwiga mwenzake, mbuzi kazaa, na mimi ni mzima. Wageni wa kiangazi wamesharudi huko kwenu Montevideo na ngozi zao zilizobabuka. Ufukweni tumebaki mimi, mlinzi wa mnara wa taa, na upepo.

Huo upepo ndio habari yenyewe. Jumanne iliyopita ulitokea kusini ukaondoka na mgahawa wangu. Sisemi uliuharibu. Uliondoka nao. Mabati mawili nimeyakuta shambani kwa watu, meza moja nimeiona kwa macho yangu ikielea kuelekea Brazili. Miaka kumi na tisa, Nicanor. Nilifika hapa na kikaango kimoja na mume mwenye kikohozi. Mume nikamzika, kikaango ninacho. Kile kibanda nilikijenga ubao kwa ubao na hakuna aliyenishikia hata msumari. Nalisema hili nikijua nani atalisoma.

Sasa nisikilize. Redio imesema tramu zinaondolewa zote, laini moja baada ya nyingine, mabasi yashike nafasi yake, na mabodi yatauzwa kwa anayetaka. Huku pwani watu wameanza. Kule Atlántida daktari mmoja kanunua moja kaifanya nyumba ya likizo, familia nzima inalala kwenye viti. Mimi nataka moja iwe mgahawa. Ina paa, ina madirisha, ina viti vya watu thelathini na wawili vilivyokwisha kukazwa chini, upepo upende usipende. Nyumba iliyokwenda mbio barabarani maisha yake yote haitatishwa na kusimama.

Na siitaki yoyote. Nataka 138.

Unajua kwa nini. Ilipofika karakana ilikuwa wazi ubavuni, na Baba ndiye aliyeifunga, ndiye aliyezipiga randa zile mbao za mzunguko wa madirisha, mwaka ule mimi nina miaka kumi na tano. Wewe Jumamosi ulipelekwa ukamwangalie akifanya kazi. Mimi niliachiwa ufagio. Lakini nani alikuwa akilala kitandani akizitaja zikipita, kwa mlio tu? “Hiyo 64, gurudumu lake lina bapa. Hiyo 138, inaimba kwenye kona.” Baba akacheka, akamwambia Mama: “Huyu angekuwa mvulana ningempa tramu.” Kisha tramu ukapewa wewe. Si kosa lako. Si haki vilevile. Mambo hayo mawili yanaweza kulala chumba kimoja bila kugombana.

Basi nenda ofisini kaulize. Halafu uniambie: na wewe, watakufanya nini?

Dada yako,
Etelvina


Montevideo, 4 Aprili 1957

Dada Etelvina mpenzi,

Mwambie goti la kushoto lisiige tabia mbaya. Mimi sijambo. Bi Hortensia, mama mwenye nyumba wangu, anakusalimu. Alhamisi bado ni siku ya mchuzi wa mifupa, na bado ananiwekea mfupa wenye uboho akidhani sioni kwamba yeye kakosa.

Pole sana kwa mgahawa. Nilisoma mstari ule mara mbili. Hukuandika kama ulilia. Najua hukulia. Najua pia hukulala.

Nimeuliza ofisini. 138 itauzwa, ila si sasa. Wanaanza kutoa zile ndefu zenye magurudumu manane. Hizi fupi zetu zitafanya kazi mpaka siku ya mwisho ya laini. Na anayeiendesha 138 ni mimi, kama ulivyoshuku.

Ni kweli aliifunga Baba. Unakumbuka ilivyokuwa kabla, kondakta akitembea nje kwenye ubao wa kukanyagia, akipita migongoni mwa watu kama kaa? Ikafungwa ubavu. Baadaye ikatiwa milango ya kukunja. Baadaye tena ikabadilishwa mota, ikapewa ya gari lililokufa. Baba alikuwa akisema tramu haizeeki, inavuliwa nguo tu ikavishwa nyingine. Paa lina bonde mpaka leo, la mwaka 1950, tulipowafunga Wabrazili kwenye Kombe la Dunia na watu wakapanda juu kucheza. Nilikwenda polepole siku ile, nikiomba Mungu waya usimguse mtu. Karakana walitaka kulinyoosha lile bonde. Nikawaambia waliache.

Lakini Dada, tramu juu ya mchanga? Hiyo haijawahi kusimama mahali zaidi ya usiku mmoja. Sijui kama itapenda.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi. Wote tunafundishwa mabasi. Kila kitu kinakwenda.

Nduguyo,
Nicanor


La Paloma, 25 Aprili 1957

Nicanor,

Mbuzi wa pili naye kazaa, kwa hiyo kuna jibini ndani ya kifurushi hiki, na huna mdomo wa kuikataa. Mpe Bi Hortensia kipande. Mkubwa.

“Kila kitu kinakwenda,” unaandika. Mimi ni mtu wa biashara. Mteja akiniambia hivyo, nahesabu vijiko.

Tuje kwenye kazi. Nimezungumza na mkuu wa stesheni, ananipatia mataruma, yale magogo ya chini ya reli, yaliyotolewa njiani. Nitachimba kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, mbele ya tramu itazame bahari. Nahitaji urefu na upana kamili. Baba aliwahi kuniambia mita tisa kasoro kidogo; hicho “kidogo” nakitaka kwa sentimita, kabla sijashika sururu.

Na mkataba uandikwe hivi: bodi, madirisha yote, viti vyote na migongo yake inayogeuka, kengele ya mguu, taa za ndani, na mpini wa dereva, ule anaouzungusha gari liende. Usicheke. Anayenunua nyumba hupewa ufunguo. Waambie bila mpini mama huyu hasaini.

Jambo la mwisho, dogo. Treni bado inafika hapa La Paloma. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kwa miaka kumi na tisa ratiba haijabadilika sana.

Etelvina


Montevideo, 18 Juni 1957

Dada mpenzi,

Nisamehe kwa kukawia. Mvua imenyesha wiki nzima, na Bi Hortensia, kama ilivyo desturi, kila ikinyesha anakaanga maandazi. Nimenenepa kwa hali ya hewa. Jibini nilikula nusu kabla ya kufika nyumbani. Kipande cha Bi Hortensia kilikuwa kikubwa kilipoanza safari.

Mita nane na sentimita themanini na tano. Upana mbili na ishirini. Nilipima mwenyewe, kondakta wangu, Tiburcio, akishikilia ncha ya kamba.

Wameandika kila kitu ulichotaka, na mpini pia. Karani aliinua macho: “Dada yako mpini wa nini? Atawaendesha samaki?” Nikamwambia, “Bwana, watu waliomuuliza dada yangu swali la namna hiyo hawakurudia la pili.” Akapiga muhuri.

Migongo ya viti ni mizima. Tiburcio kiuno kinamsumbua, kwa hiyo tukifika mwisho wa laini naigeuza mimi: pa, pa, pa, upande huu, halafu upande ule, abiria wapya watazame wanakokwenda. Kisha nachomoa mpini, napita katikati ya viti nao mkononi mpaka ncha ya pili, nauchomeka, tunaondoka. Nadhani nimetembea kwa miguu ndani ya gari lile umbali wa kufika kwako na kurudi.

Mafunzo ya basi yanaendelea. Wenzangu wanafanya vizuri.

Nicanor


La Paloma, 30 Julai 1957

Mdogo wangu,

Baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye meno. Mlinzi wa mnara wa taa kamleta paka wake akae kwangu, eti mnara una upepo. Paka kakubali. Mlinzi mwenyewe anazunguka zunguka uani, na mimi najifanya sijaelewa.

Mataruma nimeyalaza, kumi na mawili, nimesawazisha kwa maji kwenye sufuria. Barua yako ilikuwa na sentensi mbili kuhusu mafunzo, na ya pili ilihusu watu wengine. Nilitaka kukuandikia siku ileile, nikajizuia. Halafu akaja Fagúndez.

Fagúndez ni yule mwenye lori anayeniletea unga na kurudi Montevideo na samaki. Ijumaa aliingia, watu tumejaa jikoni, ndiko tunakokula siku hizi, akaanza kabla hajakaa.

“Mama Etelvina, sikilizeni ya mjini. Hawa watu wa tramu wanafundishwa basi. Mmoja kapewa usukani, kaenda vizuri, barabara nzima imenyooka kama mstari. Kafika Paso Molino, kwenye kona. Basi linatakiwa kukata kulia. Jamaa katulia. Usukani haugusi. Anangoja reli imkatie kona.”

Watu wakacheka mpaka mmoja akatema mchuzi.

“Bado,” Fagúndez akasema. “Kibanda cha maua hicho kinamjia. Mnadhani kakanyaga breki? Anapiga mguu sakafuni, du, du, du, anapiga kengele. Na mkono wa kushoto unazungusha mpini hewani. Mpini gani? Haupo. Kaingia kwenye mawaridi mpaka kiunoni.”

Hakuna aliyeumia, alisema. Na mimi nilicheka, Nicanor, sikufichi. Nilicheka mpaka aliposema kwamba yule mtu alishuka, akavua kofia, akamwomba bibi wa maua radhi, kisha akapiga magoti kwenye maji akaanza kumpangia mawaridi yake, mazima huku, yaliyovunjika mabua huku. Hapo nikaacha. Namjua mtu mmoja tu duniani anayeomba radhi kwa mpangilio.

“Jina lake nadhani nimelisikia,” Fagúndez akasema. “Ni—”

“Kula samaki wako, anapoa.”

“Lakini Mama, ni jina la—”

“Fagúndez. Samaki.”

Akala.

Huyo mtu, kama unamfahamu hapo kazini, mfikishie salamu. Mwambie aliyepita katikati ya jiji miaka ishirini na saba bila kumkanyaga hata njiwa hana la kuomba radhi kwa kona moja. Mwambie kuna mtu pwani anauliza kama anakula. Na anauliza ana mpango gani, maana kutokuwa na mpango ni jambo ambalo mtu huyo wa pwani halivumilii kabisa.

Etelvina


Montevideo, 12 Septemba 1957

Dada Etelvina,

Nimechelewa kukuandikia. Karatasi ilikuwepo. Wino ulikuwepo.

Yule mtu namfahamu. Nilimpa salamu zako. Aliuliza kama ulicheka kabla ya mawaridi au baada yake. Nikamwambia kabla. Akasema basi ni sawa, kabla hata yeye angecheka.

Anataka ujue haikuwa woga. Kona ile mwili wake unaijua kuliko njia ya kitandani. Unaachia mpini kidogo, unaegemea, gari linazunguka. Alifanya yote hayo. Aliachia, akaegemea. Basi halikuegemea.

Mwalimu alikuwa muungwana, alimpa nafasi ya pili. Yule mtu alikaa kwenye kiti, akautazama usukani, akaona duara, Dada, duara tupu, halina alama ya mwanzo wala mwisho. Akashuka. Wenzake wote wamefaulu. Tiburcio na kiuno chake amefaulu. Laini ikifungwa mwezi wa kumi na moja, yeye atapewa pensheni ya mapema na aambiwe ahsante. Na Bi Hortensia anauza nyumba, anahamia Salto kwa mwanawe. Analia akimenya viazi. Yule mtu hajatafuta chumba kingine. Kila siku anasema kesho.

Lakini tafadhali usimwonee huruma. Ana dada mahali ambaye hakwenda kumwona. Mwanzoni zilikuwa zamu za Jumapili, na zilikuwa kweli. Baadaye ikawa aibu ya kuchelewa, na aibu ya namna hiyo huzaa kila mwaka kama mbuzi. Hawezi kufika mlangoni kwa dada huyo sasa, siku ambayo mikono yake haina kitu, kama mtu anayekikumbuka kisima akiwa na kiu.

138 ni nzima. Bado inaimba kwenye kona. Jana niliisikiliza kwa niaba yako.

Nicanor


La Paloma, 3 Oktoba 1957

Nicanor,

Salamu nitakupa mwisho, kwa sababu nina hasira na nataka kuipakua ingali ya moto.

Kisima. Umekaa na kalamu ukaandika kisima. Wewe ulishasikia kisima kinamwambia mwenye kiu, “Jana ulikunywa wapi?” Kisima hakisemi. Atakayesema ni dada, na atasema sana, jiandae. Ila atasema huku anakujazia sahani.

Na huruma sina. Niliyokuwa nayo nilimpa yule mbuzi aliyezaa mapacha. Nilicho nacho ni shida ya kazi, na nitakueleza kama ninavyomweleza fundi.

Nilikwambia nimechimba ili mbele ya tramu itazame bahari. Juzi nachekecha unga nikasimama, chekecheo mkononi. Tramu haina mbele. Ina mbele mbili. Mimi, niliyeitambua ile gari kwa mlio nikiwa chini ya blanketi, nimepanga kila kitu kwa ncha moja kama mtu aliyezaliwa kwenye basi. Mimi nitakaa ncha ya bahari na jiko. Wageni watapanda kutoka barabarani. Ncha ya barabara atakaa nani? Nani atawapokea, atawaketisha, atawageuzia migongo ya viti, asubuhi watazame maji, jioni upepo ukibadilika watazame matuta ya mchanga? Nani atawaeleza lile bonde la paani? Mimi nikiwaeleza watu kitu naonekana nawagombeza. Nimeambiwa.

Kwa hiyo natangaza nafasi. Mwombaji awe mtu aliyezoea kusimama kutwa nzima. Ajue kumshusha mlevi bila kumvunjia heshima. Asijue kukata kona. Wanaojua kukata kona wasijisumbue, huku hakuna.

Wewe ulipewa tramu, mimi nikapewa ufagio. Sasa tramu ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na ninaajiri. Huoni inavyopendeza? Nimeingoja siku hii tangu nina miaka kumi na tano. Usininyime.

Nyuma ya jiko kuna chumba ninachokiita stoo. Kila mtu hapa anajua ni stoo. Hakina kitu ndani, hakijawahi kuwa na kitu. Nimekipiga chokaa.

Salamu sasa: hujambo? Mimi sijambo. Paka wa mnara anakusalimu. Mbuzi pia. Msalimie Bi Hortensia, umwambie amenitunzia mtu wangu vizuri na sitasahau.

Dada yako,
Etelvina


Montevideo, 24 Novemba 1957

Dada Etelvina,

Bi Hortensia alipelekewa salamu zako kama zilivyo. Aliacha viazi, akatoka uani, akarudi macho mekundu, akasema ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Nafasi uliyotangaza sikuijibu, na najua umehesabu siku. Niliandika barua mbili za kukataa. Zote zilikuwa na adabu nzuri sana. Sikuzituma, kwa sababu kila nikifika mwisho nakuta nimeuliza kama stoo ina dirisha.

Jana ilikuwa siku ya mwisho. Sitakuandikia yote. Watu walipanda ambao hawana safari. Wazee walipanda na wajukuu, wakafika mwisho wa laini, wakakataa kushuka, wakarudi nasi. Mwanamume mmoja alitaka kung'oa kibao cha “Usiteme mate” akakiweke kwake, nikamwambia, “Hicho kina mwenyewe, na huyo mwenyewe humwezi.” Paso Molino yule bibi wa maua alitoka kibandani, akatusimamisha, akafunga waridi moja kwenye taa ya mbele. Akaniambia, “Leo angalau unapita nje.”

Kisha tukaingia karakana, na kazi ikawa imekwisha. Tuliambiwa turudishe mipini. Tukapanga foleni mbele ya dirisha la stoo kama watoto wa Komunio ya kwanza. Kila mmoja akifika anaweka wake kwenye kreti, shaba juu ya shaba. Mlio ule sikuupenda. Tiburcio kofia mpya ya basi tayari anayo, aliishika nyuma ya mgongo nisiione.

Zamu yangu ikafika. Niliuweka. Isidoro wa stoo akautazama namba, akaurudisha kwangu kwa kidole.

“Huu siupokei.”

“Isidoro, fanya haraka. Watu wanangoja.”

“Siupokei, nimesema. Umeuzwa pamoja na gari, hapa kuna muhuri. Una mwenyewe, mama mmoja wa La Paloma. Ukiuacha hapa ataniandikia barua, na karani kanisimulia anavyoandika.”

Kwa hiyo nilitoka nje nikiwa na mali yako mfukoni. Wenzangu wote walitoka mikono mitupu, mimi peke yangu nikaenda nyumbani koti likining'inia upande mmoja.

Nilifikiria kuutuma kwa posta. Nilifikiria kumpa Fagúndez, ambaye amekuja kuchukua bodi na tela, lakini Fagúndez ni mtu anayetafuta miwani iliyo puani mwake. Halafu nikakumbuka sheria ya kazi. Mpini hautumwi. Mpini hukabidhiwa anayepokea zamu, mkono kwa mkono, akiwa amesimama mbele yako. Hiyo sheria alinifundisha Baba, na sijawahi kuivunja.

Lori linaondoka Alhamisi.

Mwombaji hana barua ya sifa. Anasema ataeleza akifika.

Nicanor


La Paloma, 8 Desemba 1957

Mdogo wangu,

Hii haina stempu. Naiandika nikiwa ncha ya bahari, na wewe ukiamka usingizi wako wa mchana utaikuta ncha ya barabara, kwenye kiti chako. Unacheka. Cheka. Nimezoea kukwambia mambo kwa wino. Kwa mdomo yananitoka yakiwa makaripio.

Leo msimu umefunguliwa, padre kayabariki maji, watu wameingia baharini wakipiga kelele za baridi, na kufika saa saba viti vyote vimejaa. Uliwaona? Mama mmoja wa Durazno hakutaka kula mpaka umgeuzie kiti. Ulimgeuzia mara tatu. Vitumbua vya mwani vimekwisha, papa wa kukaanga kaisha, na yule mlinzi wa mnara kaosha vyombo bila kuombwa, jambo ambalo itabidi nilifikirie.

Lakini ninachotaka kusema ni cha siku uliyofika.

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa na mikono kwenye unga nikasikia kengele, na miguu yangu ikajua kabla ya kichwa. Nikatoka. Lori la Fagúndez linapanda kutoka stesheni, na juu ya tela kuna 138, na mbele yake, nyuma ya kioo, umesimama wewe na kofia yako. Fagúndez alishuka akiwa amechoka kama yeye ndiye aliyeibeba.

“Mama, huyu ndugu yako ni mtu gani? Nimemwambia aje tukae wote mbele, kuna kiti, kuna chai ya majani ya mate, ya moto. Kakataa. Kasimama humo tangu Montevideo. Nikifika kwenye kona nakata, na huko nyuma nasikia, ding, ding, kapiga kengele. Kila kona. San Carlos mbwa wote wametufuata.”

Wewe ukashuka. Ukavua kofia. Ukautoa mpini kwenye koti, ukanishikisha, ukasema, “Zamu njema, Dada.”

Na mimi nikasema, “Umechelewa. Kanawe mikono.”

Nicanor, hayo hayakuwa maneno niliyoyaandaa. Niliyoyaandaa yalikuwa mengi na mengine yalikuwa makali, nimeyatunza muda mrefu kama jibini. Nilipoushika ule mpini nikayatafuta, sikuyaona. Wewe hukukasirika. Ulienda ukanawa.

Kwa hiyo naandika sasa. Nafurahi umekuja. Ningefurahi hata bila tramu. Mataruma ningeyafanya kuni.

Jana mlipokuwa mmelala, wewe na paka, nilikwenda nikauchomeka mahali pake nikauzungusha. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Umelika pale kidole gumba chako kinapokaa. Changu kidogo, hakikujaza. Nikazungusha mpaka mwisho. Nikapiga kengele kwa mguu, polepole, nisiwaamshe. Tramu haikwenda popote, bila shaka. Bahari ndiyo iliyokuja kidogo, ikarudi. Nikasimama pale mpaka goti likanikumbusha umri wangu, nikisikiliza kama itaimba.

Sasa tupange kazi. Mpini ni mmoja na ncha ni mbili, na mimi sipendi kitu kisicho na utaratibu. Asubuhi mpini utakaa kwangu. Jua likigeuka nitauchomoa, nitapita katikati ya viti, nitakuletea huko kwako, mkono kwa mkono, nimesimama mbele yako, kama sheria inavyotaka. Kesho yake utaniletea. Wageni watauliza wa nini. Waeleze wewe.

Ukimaliza kusoma, njoo jikoni. Wingu limeshuka, mvua haiko mbali, na nimeshakanda unga wa maandazi.

Dada yako, mwenye tramu,
Etelvina